Hodi ya Tatu: Miaka Arobaini na Mmoja ya Bibi Beti

Mimi nina miaka sabini na tisa. Katika nyumba hii ya kurekodi nyimbo nimewapita wakurugenzi watano, mashine ya santuri, mashine ya kanda, mapaa mawili ya bati, na daktari mmoja aliyeniambia moyo wangu hautamaliza mwaka. Yeye ndiye asiyeumaliza, Mungu amrehemu. Wamenistaafisha mara mbili, na mara zote mbili nyaya zikawashinda, wakaja kunigongea. Siyasemi haya kwa kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Nayasema ili mjue kwamba anayewaandikia alikuwepo. Hakusimuliwa.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, dada yetu mtunzi, ambaye nyote mnamwita Bibi Beti, anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kazi. Ametunga nyimbo mia tatu na kumi na sita. Hesabu hiyo ni yangu mwenyewe, maana hakuna hata mmoja ambao haukupita kwenye spika nilizozifunga mimi. Karani wa ofisi alikuwa ameshamwandikia wasifu, ukurasa mmoja safi, umejaa mchapakazi, mwadilifu, mwenye upendo kwa wote. Bibi Beti akausoma mpaka chini, akamrudishia. "Mwanangu, umeandika vizuri mno," akamwambia. "Hata marehemu yeyote huu unamfaa." Kisha akamkumbusha kwamba wasifu wake atauandika Fundi, na si mwingine. Fundi ni mimi. Kwa nini mimi, mtu niliyejifunza kusoma nina miaka hamsini na minane, mtaliona huko mbele. Karani amenisahihishia herufi tu. Nimemkalia karibu asiguse kitu kingine.

Alikuja hapa ana miaka ishirini na miwili, ameajiriwa kupiga taipu. Kazi yake ilikuwa kunakili maneno ya watunzi wakubwa, wale wa miwani na kalamu mbili mfukoni. Siku moja akapewa wimbo wa mtunzi mkuu mwenyewe. Mle ndani machozi ya mpenzi yalikuwa mto. Binti wa watu akaufuta ule mto bila kumwomba mtu ruhusa, akaandika kwamba mpenzi alilia mpaka jirani akaja kumwomba apunguze. Mwimbaji akausoma vile vile, bendi ikacheka hadi ngoma ikaanguka, na wimbo ukarekodiwa hivyo. Mtunzi mkuu akataka mtu afukuzwe kabla ya saa sita. Mkurugenzi, yule wa kwanza katika wale niliowapita, akamwita binti akamwuliza ana la kusema.

"Bosi," akajibu, "mto umeshajaa. Watunzi wote wanalilia humo humo."

Akahamishwa siku ile ile kutoka kwenye taipu kwenda kwenye utunzi. Mtunzi mkuu hakumsalimia miaka miwili, na mwaka wa tatu akaanza kumpelekea nyimbo zake azitazame.

Ofisi hakupewa. Akajichagulia stoo yangu ya vyombo, akisema ndicho chumba pekee kisicho na simu. Meza yake ikakaa chini ya dirisha, kati ya ngoma mbovu na kabati langu la nyaya. Alikuwa anaingia saa mbili asubuhi na kuondoka saa saba mchana, na katika muda huo ukimsemesha anakutazama kama wewe unavyomtazama mbu. Mtindo wake ulikuwa mmoja: kila ubeti karatasi yake. Mistari minne, karatasi moja, imetosha. Wimbo wa beti tatu ni karatasi tatu, anazipanga mezani kama karata, anazichanganya, wa mwisho anauleta mwanzo, wa mwanzo anautupa. Hakuandika namba wala hakuweka nakala. Nilimwambia huo ni uharibifu wa karatasi. Akaniambia, "Fundi, hata nyumba haijengwi kwa tofali moja refu." Nikamwachia meza yake.

Nota hakujua, na sauti yake, kama anavyosema mwenyewe, ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Akishaupata wimbo alikuwa anatoka kwenda kwenye ngazi za nyuma, ambako kuta zinarudisha sauti, akamwimbia mpiga gitaa wetu. Huyu tunamwita Vidole. Vidole alikaa ngazi ya chini, macho amefumba, na kabla dada hajamaliza ubeti wa pili gitaa limeshamjua. Hapo ndipo wimbo ulipokwenda kwenye mtihani. Mtihani wenyewe ni mama wa ufagio, anayefagia korido mpaka leo. Wimbo unapigwa mlango ukiwa wazi, naye anafagia. Ufagio ukiendelea na mwendo wake wa kila siku, wimbo unarudi mezani. Ufagio ukibadilisha mwendo, tunarekodi. Mama huyu amekataa nyimbo nyingi kuliko wakurugenzi wote watano, na hakuwahi kukosea isipokuwa siku moja alipoumwa jino.

Sasa nije kwenye maswali, maana ndiyo yaliyomfanya awe Bibi Beti.

Nyimbo zilipoanza kupendwa mashabiki wakaanza kuja getini. Hawakuja kuomba kitu, walikuja kuuliza. Huyu anataka kujua yule msichana wa kwenye wimbo aliolewa na nani, yule anauliza kama kweli jirani alikwenda kumwomba mtu apunguze kulia. Mlinzi akachoka. Ndipo mimi nikatengeneza sanduku la maswali, la mbao, lenye kifuniko cha bawaba. Lina miaka thelathini na mitano na halijalegea msumari. Nendeni mkalitikise. Bibi Beti akaweka sheria: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, sanduku linafunguliwa ukumbi wa mazoezi, kwenye viti themanini. Swali lililoingia sandukuni linasomwa, lililosomwa linajibiwa, na mwenyewe akiwepo anasimama aonekane. Hakuna kuchagua wala kuruka.

Nimeyasikia yote. Mwanamume mmoja, mshona viatu, aliuliza kwa nini wanaume wote katika nyimbo zake ni waongo. Akajibiwa, "Si wote, ndugu yangu. Katika ule wimbo wa harusi yuko mmoja ambaye alikuwa hajafika." Mwanafunzi akauliza afanye nini kina kikimkosa. "Usikikimbize, mwanangu. Kina ni kama paka, geuza uso ujifanye huna habari nacho." Mwashi alitaka mkewe atungiwe wimbo na akaahidi kumpigia dada plasta ukuta wa nyumba yake. Wimbo ulitungwa, plasta ikapigwa, na huyo mwashi mpaka leo anauimba juu ya ngazi zake bila hata nota moja ya kweli. Mama mmoja mtu mzima akasimama akauliza kwa sauti kavu, "Wewe unayetufundisha mapenzi, mumeo anakusikiliza?" Bibi Beti akamtazama mumewe aliyekaa kiti cha mbele, amelala. "Dada yangu," akasema, "jibu lako ndilo lile linalokoroma."

Mwanzoni maswali aliyasoma karani wa zamani. Alipohama, Bibi Beti akanigeukia mimi. "Fundi, utasoma wewe." Nikamwambia macho yangu yana ukungu. Akasema, "Macho yanayouona waya mwembamba kama unywele? Sema hujui, tuanze." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia vile, na angeniambia mwingine ningempa jibu lake. Miezi minane, kila saa saba akimaliza kazi yake, alinifundisha pale pale mezani kwa maswali ya zamani ya mashabiki. Sentensi ya kwanza niliyoisoma peke yangu katika maisha yangu ilikuwa hii: Bibi Beti, wewe unajua kupika? Akanipa kalamu, akaniambia, "Nijibie." Nikaandika: kidogo. Ndilo neno langu la kwanza. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na mmoja, msomaji wa maswali ni mimi, na ukumbi mzima unajua kwamba Fundi hakosei.

Lakini lilikuwako swali moja ambalo halikupata jibu. Liliingia sandukuni kila mwezi, kwa mwandiko wa mtu mwingine kila mara: Je, alifungua?

Mnaujua wimbo, *Hodi ya Tatu*. Mwanamume aliyeondoka miaka mingi amerudi, yuko mlangoni, mwanamke yuko ndani. Ubeti wa kwanza anapiga hodi ya kwanza na mwanamke anaitambua sauti. Ubeti wa pili unaishia hapa:

*Hodi ya pili, mkono wangu umeshalishika komeo,*
*Nimfungulie mgeni huyu, au alale nje leo?*

Halafu hakuna maneno tena. Ni gitaa la Vidole tu, linalia dakika nzima, na wimbo umekwisha. Na kila mtu anajua hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu unageuza njia. Kwa hiyo watu wamebaki mlangoni miaka thelathini na mmoja. Nimeona mke na mume wakigombana ukumbini kwa ajili ya mlango huo, mke anasema alifungua, mume anasema angeanzaje. Kila swali hilo lilipofika, Bibi Beti alicheka akamnyooshea kidole mpiga gitaa aliyekaa nyuma yake. "Mwulizeni Vidole. Ndivyo vidole vilivyokula ubeti wangu." Ukumbi ulicheka, Vidole naye akatabasamu. Mimi nilicheka kuliko wote. Kumbukeni hilo.

Wageni hawajui maana ya mzaha ule, kwa hiyo nieleze. Siku ya kurekodi wimbo, asubuhi na mapema, Bibi Beti alikuwa ameshashikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Karatasi mbili zilikuwa zimeshafika kwa mwimbaji. Ya tatu aliiandika asubuhi ile ile, kalamu mkononi na mkono mwingine kiunoni, na mumewe alipokuwa akimpeleka hospitali akamlazimisha apite hapa kwanza. Akaingia, studio haina mtu, akaiweka karatasi juu ya spika ya Vidole, mahali ambapo Vidole peke yake huwa anakaa, akatoka. Saa mbili baadaye bendi imekusanyika, ubeti wa tatu haupo. Hospitali hawakupokea simu. Mkurugenzi wa wakati ule, wa tatu, mtu wa kutazama saa, akasema kanda inazunguka, imbeni mlicho nacho. Wakaimba beti mbili, na Vidole akalijaza pengo kwa gitaa. Nilikuwa nimesimama kando ya spika ile ile. Sijawahi kusikia chombo kikipigwa vile, na nimesikia vingi.

Bibi Beti aliporudi kazini, binti mgongoni, wimbo ulikuwa umeshaingia mpaka vinyozini. Akamwendea Vidole.

"Nilikuwekea juu ya spika yako."

"Sikukuta kitu, dada."

"Basi spika imekula?"

Tulicheka wote. Lakini dada hakuwa anacheka. Aliamini Vidole aliuona ubeti akauficha ili gitaa lake lipate nafasi, na kwa kweli gitaa lilipata nafasi, likampa jina kila mahali. Hakumfokea wala hakumshtaki. Aliacha tu kwenda naye ngazini. Nyimbo mpya akawa anampelekea mpiga kinanda, na Vidole anapewa zimeshapangwa. Alipoulizwa kwa nini asiuandike upya ule ubeti, alisema maneno yake yalimtoka katika uchungu, hayakumbuki, na uchungu ule haurudi kwa kuitwa. Na Vidole, kila shabiki aliyempongeza kwa lile gitaa, alikuwa kama mshtakiwa anayeongezewa ushahidi. Nilimwona mara moja akimwambia kijana aliyemsifu, "Lisifu lingine, mwanangu. Nimepiga mengine."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Bibi Beti. Viti themanini vilijaa, korido ikajaa, madirisha yakajaa. Nilisoma maswali ishirini na sita, yakajibiwa. Ikabaki karatasi moja ndani ya sanduku, imekunjwa vizuri. Nikaifungua nikasoma kwa sauti, kama ninavyosoma zote:

*Mimi ni shabiki wako wa miaka arobaini na nimekaa karibu nawe kuliko shabiki yeyote. Kabla hujaondoka nijibu moja. Unaamini kweli kwamba niliuficha ubeti wa tatu?*

Nikasema mwenye swali asimame, kwa mazoea tu, maana nilikuwa nimeshamjua. Kiti kikakwaruza nyuma yangu. Watu wakaanza kucheka, wakadhani ni mchezo wa kuagana, halafu wakaona uso wa Vidole wakaacha.

Bibi Beti akavua miwani. "Vidole, leo hii? Mbele za watu?"

"Nimekuuliza faraghani mara ngapi, dada, ukanijibu kwa mzaha? Humu ndani sheria ni yako. Lililosomwa linajibiwa."

"Nikujibu la kukufurahisha?"

"La kweli."

Bibi Beti akaikunja miwani. "La kweli ni kwamba niliiweka kwa mkono wangu huu, mahali pako," akasema. "Nimejaribu kuamini lingine, kaka. Nimejaribu miaka yote. Sijaliona."

Vidole akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea barua ambayo alijua imeandikwa nini. Hakubishana. Akainama akalilaza gitaa kwenye sanduku lake. Akafunga kishikizo cha kwanza. Siku zote mimi ni mwepesi wa kusema, mnanijua, lakini pale nilikuwa nakunja na kukunjua karatasi ya swali. Alipogusa kishikizo cha pili nikaona kwamba huyu mtu akitoka na mlango ule, atatoka mwizi, na mimi nitaendelea kusoma maswali.

Nikasema, "Ngoja. Ni mimi."

Hakuna aliyeelewa. Nikaenda stoo. Spika ile ya zamani iko hapo mpaka leo, siwezi kutupa chombo kizima. Binti wa Bibi Beti, yule aliyezaliwa siku ile ya kurekodi, leo ni muuguzi, akaja kunishikia upande mmoja, na upande mzito nikaushika mimi. Tukaiweka mbele ya viti. Nikatoa bisibisi, nikafungua skrubu nne, nikaingiza vidole nyuma ya koni, ile sahani ya spika inayotetemeka ikatoa sauti, nikatoa karatasi iliyokunjwa mara sita, imekuwa ya rangi ya chai.

Nikawaeleza kama ninavyowaeleza sasa. Asubuhi ile niliingia studio mapema kutayarisha vyombo, na spika ya Vidole ilikuwa inakoroma, chuma kinagongana na mbao. Dawa yake ni kuipachika kitu chembamba katikati. Nikaona karatasi juu yake. Mimi wakati ule karatasi iliyoandikwa na isiyoandikwa kwangu zilikuwa ndugu. Nikaikunja, nikaichomeka, kukoroma kukaisha, nikafunga. Miaka yote nimejisifia spika ile, kwamba nilipoitengeneza mimi haikukoroma tena. Vidole alikuja baadaye, akakaa, akapiga, na ubeti wenyewe ulikuwa ndani ya spika yake, unatetemeka kwa kila uzi anaougusa.

Nilidhani nimemaliza. Lakini Bibi Beti hakuitazama karatasi, alinitazama mimi.

"Fundi," akasema polepole, "ulijuaje imo humo?"

Hapo ndipo nilipotamani kuwa sikufundishwa kusoma. Ningeweza kusema nimekumbuka tu leo, na watu wangeamini, mzee huyu, kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Lakini aliyeuliza ndiye aliyenishika mkono nikaandika neno langu la kwanza. Nikasema ukweli. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilibadilisha koni ya spika ile. Karatasi ikaanguka mapajani. Nikaisoma mara tatu, kwa kidole, herufi kwa herufi. Nikajua ni nini na nimefanya nini. Kisha nikaikunja nikairudisha mahali pake, nikafunga skrubu, kwa sababu nilikuwa nimeshamcheka Vidole miaka ishirini, na mtu mwenye sifa kama zangu anaanzia wapi kusema alikosea? Kila mwezi baada ya hapo nililisoma lile swali, je, alifungua, kwa sauti yangu nzuri, nami jibu ninalo.

Bibi Beti akaipokea karatasi, bado hakuifungua. Akampelekea Vidole. "Soma wewe. Ulikuwa wako usome wa kwanza."

Vidole akaifungua, akausoma kwa sauti ya mtu asiyezoea kusomea watu:

*Hodi ya tatu haikupigwa, sikuingoja ifike,*
*Komeo lilikwisha shuka, mlango wazi aupite;*
*Lawama nilizomwekea, miaka yote nimwambie,*
*Mdomoni zikanikimbia, nikasema: kiti chako kile.*

Mama mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Alifungua! Nilikuambia alifungua!" na sauti ya mwanamume ikajibu, "Haya, umeshinda, tukapumzike." Watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Sijui huo mchanganyiko unaitwaje, dada atawaambia, maneno ni kazi yake.

Yeye alikuwa amesimama mbele ya Vidole. "Swali lako nimelijibu vibaya," akamwambia. "Nalijibu tena. Siamini. Sikupaswa kuamini hata siku moja. Nisamehe, kaka yangu."

Vidole alizitazama zile herufi za uchungu. "Miaka thelathini na mmoja, dada," akasema. "Na ubeti wenyewe ndio mzuri kuliko yote. Mimi ningeuficha wa pili."

Dada alicheka mpaka akashikilia kiti. Tangu siku hiyo nimewasikia ngazini mara mbili, bawaba isiyotiwa mafuta na gitaa, na mara zote mbili ufagio wa korido ulisimama kabisa, jambo ambalo mama yule hakuwahi kulifanya kwa wimbo wowote.

Mimi sikufokewa. Ningependa kufokewa. Watu walipokwisha kutoka, Bibi Beti alikuja nilipokuwa narudisha skrubu, akasema, "Nilikufundisha kusoma, Fundi, ukaitumia elimu hiyo kuficha. Sasa utaitumia kuandika. Wasifu wangu utauandika wewe, na hili litakuwa ndani, kwa mkono wako, lipigwe chapa, wapewe watu wote." Kisha akanishika bega, muda mrefu kidogo kuliko nilivyostahili, akaenda kwa binti yake.

Kwa hiyo nimeandika. Wiki tatu, kurasa kumi na moja, kazi ngumu kuliko nyaya zote za nyumba hii. Dada, umetufanyia kazi miaka arobaini na mmoja hukuruka swali la mtu. Umewafundisha watu kupenda, na mtu mmoja umemfundisha kusoma, na huyo anakushukuru kwa elimu hiyo, aliyoitumia mara mbili, kwa ubaya na kwa haya maandishi. Unasema sasa utalala mpaka saa tatu na mtu akikuuliza kitu utamwambia ukumbi umefungwa. Lala, dada. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na ziwe tamu, miguu ikutii, mume asikorome sana, na wajukuu waulize maswali mepesi. Sisi wa nyumba hii tunakutakia kila lililo jema, na stoo yangu haifungwi. Meza yako sitaweka kitu juu yake.

Mtu akisema nimeongeza chumvi, mashahidi wapo. Amwulize mama wa ufagio, aliyekuwa mlangoni tangu swali la kwanza. Amwulize binti muuguzi, aliyeshika ule upande mwepesi. Amwulize karani, aliyetaka kuufuta mstari wa miaka kumi na mmoja ili kunihurumia, nikamkataza. Na wa mwisho amwulize Vidole mwenyewe. Nilimwomba msamaha koridoni siku ile ile, akaniambia, "Kaka, wewe kwa kusema tunakujua. Andika kwanza. Nikishasoma nitakujibu."

Ndugu yangu, umesoma.